Eksrei ya Mjomba: Jinsi ya Kutuma Picha za Hospitali kwa Daktari Aliye Mbali Bila Kupoteza Siri Wala Pesa



Leo tunaanzia Mkwiro, kijiji kilicho upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, kwetu kwa upande wa mama. Wanaopajua wanajua. Kisiwani hakuna gari, na mtu akihitaji eksrei lazima avuke kwa mashua hadi Shimoni, kisha atafute usafiri wa kumfikisha hospitali. Kusi likivuma kwa nguvu, hiyo si safari ya mtu aliyevunjika mfupa.

Mjomba wangu aliifanya safari hiyo. Aliteleza akishuka mashuani, akaangukia nyonga. Vijana wakambeba, wakamvusha, akapigwa eksrei katika hospitali moja ya bara. Jioni binamu yangu akaishika ile filamu mbele ya dirisha, akaipiga picha kwa simu na kunitumia kwa WhatsApp. Mimi nikaisukuma kwa daktari wa mifupa tunayefahamiana Mombasa. Nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Daktari akanijibu, "Naona kitu kama mstari, lakini siwezi kujua ni ufa wa mfupa ama ni mkunjo wa pazia lililo nyuma. Nitafutie picha yenyewe."

Picha yenyewe? Mimi nilidhani nimemtumia picha yenyewe! Ilichukua siku mbili kuipata, na katika hizo siku mbili kulitokea jambo lingine lililotuumiza mfukoni. Nitalieleza mbele. Kwanza tujifunze kile ambacho ningetamani kukijua siku ile.

1. "Picha yenyewe" ni nini?

Zamani eksrei ilikuwa filamu tu. Siku hizi mashine nyingi ni za kidijitali, na picha huzaliwa ikiwa faili ndani ya kompyuta ya hospitali. Ile filamu unayopewa kwenye bahasha kubwa ni nakala iliyochapishwa kutoka kwa faili hilo. Kwa hiyo hata kama filamu imebaki nyumbani Mkwiro, faili bado liko hospitalini, nawe una haki ya kuuliza habari zake.

Faili hilo huitwa DICOM, tamka "daikomu". Huo ni mpango wa pamoja uliowekwa ili mashine za kampuni tofauti zielewane. Kazi ilianza Marekani, toleo la kwanza likatoka mwaka wa 1985, na jina la DICOM likaja mwaka wa 1993. Ni sawa na kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine: lazima pande zote mbili zikubaliane lugha moja, la sivyo pesa haziendi.

Faili la DICOM lina sehemu mbili. Kuna picha, na kuna maelezo yaliyoshonwa ndani yake: jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, namba yake ya hospitali, siku aliyopigwa, na upande upi wa mwili. Hiyo sehemu ya pili uikumbuke vizuri. Tutairudia.

2. Kwa nini picha ya simu haitoshi?

Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni rangi. Eksrei ya kidijitali inaweza kuwa na viwango zaidi ya 4,000 kati ya nyeusi na nyeupe. Picha ya kawaida ya simu hubeba viwango 256 tu. Ufa mwembamba wa mfupa unaweza kupotelea hapo katikati.

Ya pili ni WhatsApp yenyewe. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, programu huibana ili isile bando lako. Kwa picha ya harusi hakuna neno. Kwa picha ya nyonga ya mzee, kilichobanwa huenda ndicho alichokuwa anakitafuta daktari.

Ya tatu ni kwamba daktari haitazami picha tu, huichezea. Akiwa na faili lenyewe huongeza na kupunguza mwanga, hukuza sehemu moja, hupima urefu. Picha ya filamu iliyoshikwa dirishani haimpi nafasi hiyo.

Kwa skani ya CT mambo huwa makubwa zaidi. CT si picha moja, ni vipande vingi, kama mkate uliokatwa. Kipande kimoja kwa kawaida kina nukta 512 kwa 512, na hula kama nusu MB. Ukiwa na vipande 300, hiyo ni MB 150. Ukimpigia daktari picha ya skrini moja, umempa kipande kimoja cha mkate na kumwambia akadirie mkate mzima.

Lakini tusizidishe. Picha ya simu si haramu. Kama daktari wa zamu anataka tu kujua, "Mgonjwa asafirishwe usiku huu ama asubiri asubuhi?", picha ya simu iliyopigwa vizuri inaweza kumsaidia kuanza kufikiri. Uamuzi wa kupasua ama kutopasua unataka faili lenyewe na ripoti ya mtaalamu wa kusoma picha.

3. Njia za kutuma, na kila moja inakugharimu nini

Kutuma eksrei kwa waya si jambo la jana. Mwaka wa 1948 madaktari wa Marekani walikuwa wakituma eksrei kwa laini ya simu kati ya West Chester na Philadelphia, umbali wa maili 24. Leo sisi tuna simu za mkononi na njia kadhaa za kuchagua.

*Hospitali kwa hospitali.* Hii ndiyo njia bora. Hospitali zenye ghala la picha la kidijitali zinaweza kutumiana moja kwa moja, ama kumpa daktari wa upande wa pili ruhusa ya kuingia na kutazama. Wewe hutumii bando lako hata kidogo. Kazi yako ni kuuliza: "Je, mnaweza kuituma picha hii kwa hospitali ninayopelekwa?" Uliza kabla hujaondoka. Mkishafika Likoni mnasubiri feri mtakuwa mmechelewa.

*Linki ya hospitali.* Baadhi ya hospitali na vituo vya picha hukupa linki na nywila. Unampa daktari, anafungua mwenyewe. Usiiweke kwenye grupu la familia. Grupu lenye watu 120 halina siri.

*Faili kama dokumenti.* Omba faili lenyewe kwenye flashi ama kwa barua pepe. Kwenye WhatsApp chagua kutuma kama dokumenti badala ya kutuma kama picha, na hapo halibanwi. Eksrei moja mara nyingi huwa kati ya MB 10 na 30, kwa hiyo bando dogo la siku linatosha. CT itataka bando kubwa zaidi ama Wi-Fi. Ukiligusa faili kwenye simu na likakataa kufunguka, usidhani limeharibika. DICOM hutaka programu yake maalum, na daktari anayo.

*CD ama flashi mkononi.* Mtandao ukizingua, hii haijazeeka. Mpe anayemsindikiza mgonjwa, aifunge kwenye mfuko wa plastiki isilowe mashuani.

*Picha ya simu.* Tumia hii tu kama zile nyingine zimeshindikana. Ikibidi, weka filamu kwenye taa ya hospitali ya kusomea eksrei, zima flashi ya kamera, simama wima mbele yake, piga picha nzima kwanza halafu sehemu inayouma. Hakikisha alama ya kulia ama kushoto inaonekana. Hiyo alama ikikatwa, nyonga ya kulia inaweza kusomwa kuwa ya kushoto.

Kila unapotuma, ambatanisha maneno matatu ama manne: umri wa mgonjwa, alivyoumia, lini, na dawa alizopewa. Picha bila maelezo ni kama pesa iliyoingia bila jina la aliyetuma.

4. Sheria iko upande wako

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Sheria hiyo inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti. Anayezishughulikia anatakiwa awe mtoa huduma ya afya, ama mtu aliye chini ya wajibu wa kutunza siri ya kazi. Una haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kwa kazi gani, kuiona, na kuomba irekebishwe ikiwa ina makosa. Data ikivuja na kuna hatari ya kukudhuru, aliyekuwa akiitunza anatakiwa kuiarifu Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Nawe pia unaweza kupeleka malalamiko kwenye ofisi hiyo.

Mwaka wa 2023 ikaja Sheria ya Afya Dijitali, inayoweka msingi wa mfumo mmoja wa taarifa za afya nchini. Lengo ni kwamba siku moja mgonjwa wa Kwale akifika Mombasa, habari zake ziwe zimemtangulia.

Lakini sheria hailindi kile unachokimwaga mwenyewe. Ukiiweka picha ya mjomba kwenye grupu kwa mkono wako, hakuna hospitali ya kulaumiwa. Na hapo ndipo ninapokuja kwenye sehemu iliyotuuma.

5. Jinsi eksrei ilivyogeuka mtego wa pesa

Siku ile ile, jamaa mmoja wa familia kwa nia njema kabisa aliweka kwenye grupu picha ya eksrei pamoja na barua ya rufaa. Akaandika, "Ndugu zetu, mzee wetu anahitaji upasuaji, tuchangieni," na namba ya mweka hazina. Ujumbe ukasambazwa Ukunda, ukafika Mombasa, ukavuka hadi kwa jamaa walioko Oman.

Mahali fulani njiani, mtu akabadilisha namba. Eksrei ni ile ile, barua ni ile ile, jina la mzee ni lile lile. Namba tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Tulipokuja kugundua, Sh18,500 zilikuwa zimeshaingia kwa mtu tusiyemjua, nyingi zikitoka kwa watu wasio na uwezo mkubwa, waliotoa kwa huruma. Mama mmoja mvuvi wa pweza alikuwa ametuma Sh200. Aliponiuliza, "Mwanangu, zile zangu zilifika?" nilikosa la kumjibu.

Angalia ni kwa nini walidanganyika. Waliona eksrei wakaamini namba. Eksrei inathibitisha kwamba kuna mfupa uliovunjika. Kuhusu ni nani atakayepokea pesa haisemi kitu.

Na kuna hatari ya pili, ya kimyakimya. Ile barua ya rufaa ilikuwa na jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Hizo ndizo habari anazozitafuta tapeli anayetaka kubadilisha laini yako bila wewe kujua, ama kukupigia akijifanya mhudumu wetu: "Mzee, si kitambulisho chako ni namba fulani? Sasa nipe PIN tumalizie." Mtu akikutajia habari zako za kweli, ni rahisi kumwamini. Ndiyo maana picha ya hospitali na akaunti yako ya pesa ni majirani wa karibu kuliko unavyodhani.

6. Kanuni za mchango wa matibabu

Kwa wanaochangisha:

- Usisambaze eksrei wala barua ya rufaa. Andika maelezo mafupi, taja mtu wa familia anayejulikana ambaye wachangiaji wanaweza kumpigia.
- Lazima uonyeshe karatasi? Funika namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na namba ya hospitali. Angalia pia pembe za eksrei, kwani jina huchapishwa hapo.
- Muulize mgonjwa kwanza. Mjomba alikuwa na akili zake timamu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka nyonga yake ionekane na nusu ya pwani. Kwa mtoto, muulize mzazi ama mlezi.
- Ikiwezekana, elekezeni michango kwenye namba ya malipo ya hospitali yenyewe, mkiweka namba ya mgonjwa kama akaunti. Ipateni namba hiyo kwenye dirisha la malipo. Msiichukue kwenye meseji iliyosambazwa.
- Tajeni jina kamili litakalojitokeza mtu akituma, kwa mfano: "Jina litakalotokea ni la fulani bin fulani. Likitokea jina jingine, acha."

Kwa wanaochanga:

- Piga simu kwa mtu unayemjua wa familia kabla ya kutuma. Dakika moja tu.
- Soma jina la mpokeaji kabla hujaweka PIN. Usiwe na haraka ya kubonyeza.
- Umekosea? Usimpigie mpokeaji kwanza. Wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na namba ya muamala. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

7. Kanuni moja ya kukariri

Hakuna eksrei, CT wala ripoti inayofunguliwa kwa PIN ya pesa. Linki ya picha inaweza kuomba nywila uliyopewa na hospitali. Ikiomba PIN yako ya pesa, ifunge. Ikidai ulipe "ada ndogo ya kufungulia picha" kwa namba ya mtu binafsi, ipigie hospitali kwanza, kwa namba iliyo kwenye risiti yako.

Pia usisahau simu yenyewe. Kabla hujaiuza ama kumpelekea fundi, futa picha za hospitali. Na kama unatuma faili lililofungwa kwa nywila, nywila itume kwa njia nyingine: faili kwa barua pepe, nywila kwa simu ya mdomo.

Jipime

*Swali la 1.* Daktari aliye Mombasa anataka CT ya kichwa ya bibi yako. Unampigia picha skrini ya kompyuta ama unafanya nini?
Jibu: Omba hospitali itume moja kwa moja ama ikupe faili zima kwenye CD au flashi. Picha ya skrini ni kipande kimoja kati ya mamia.

*Swali la 2.* Unapokea ujumbe wa mchango wenye eksrei na jina la mtu unayemjua. Namba ni ngeni kwako. Je, eksrei inatosha kukuhakikishia?
Jibu: Haitoshi. Piga simu kwa familia, kisha linganisha jina linalojitokeza.

*Swali la 3.* Mtu anapiga simu, "Mimi ni wa hospitali, picha zako ziko tayari, nitajie namba iliyoingia kwenye meseji sasa hivi."
Jibu: Kata. Hiyo namba huenda ndiyo ufunguo wa akaunti yako. Ukitaka uhakika, ipigie hospitali mwenyewe.

Tuliishia wapi?

Siku ya tatu binamu yangu alirudi hospitalini, akauliza swali moja ambalo lingetuokoa tangu mwanzo: "Mnaweza kutupa faili lenyewe?" Wakampa kwenye flashi bila maneno mengi. Akalituma kama dokumenti. Haukupita muda mrefu daktari akapiga simu. Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika. Mahali hapo damu inayokwenda kwenye kichwa cha mfupa inaweza kukatika, kwa hiyo kusubiri hakusaidii. "Mleteni leo," alisema.

Tulimpeleka. Alipasuliwa, na sasa anatembea kwa fimbo, analalamika kwamba tumemkataza kupanda mashua peke yake. Zile Sh18,500 hazikurudi. Familia ilikaa, ikakubaliana kumrudishia kila aliyetuma chini ya Sh500, yule mama wa pweza akiwa wa kwanza. Nilimtumia mimi mwenyewe, na kabla sijaweka PIN nililisoma jina lake mara mbili.

Kwa hiyo leo, kabla mtu hajaugua, fanya jambo moja dogo. Kaeni kama familia, mchague nani atakuwa mweka hazina na nani atashughulikia karatasi za hospitali siku ya dharura, na kila mtu azihifadhi namba zao. Siku ya msiba si siku ya kuanza kuulizana namba.

Tukutane kwenye somo lijalo.